Mchanga Unaopanda Mnara

Iyunga, Mbeya
14 Mei 2024

Kwako Dada Damari,

Pokea salaam kutoka kwenye baridi ya huku. Hunijui, nami nakujua kwa mwandiko tu. Wiki iliyopita, nyuma ya karatasi ya mzigo, uliandika kwa kalamu nyekundu: "Mchanga wote huu mnaufanyia nini? Mbona hatuisikii hiyo nyumba mnayojenga?" Karani wa stoo alicheka akataka kuitupa. Nikamwomba anipe.

Dereva wetu, Kasian, ameniambia kwamba wewe ndiwe kiongozi wa akina mama kumi na mmoja mnaochekecha mchanga wa Ruaha Mdogo pale Ipogolo. Ameniambia pia kwamba simu yako ya tatu imekufa kwa kuingiwa na mchanga, na umeapa hununui ya nne. Basi nakujibu kwa karatasi, na Kasian ndiye atakuwa posta wetu.

Hatujengi nyumba. Mimi ni fundi wa boila kwenye kiwanda cha kukoboa mpunga cha Mzee Girish. Mpunga unatoka Madibira kwa malori, tukishakoboa tunabaki na vilima vya pumba, na pumba hizo tunazichoma tupate mvuke na umeme. Lakini pumba peke yake ni kuni mbaya. Ni nyepesi mno, zinapeperuka kabla hazijaungua sawasawa. Kwa hiyo tumesimamisha mnara wa chuma wa mita kumi na nne. Ndani tunatia mchanga wenu, chini tunapuliza hewa kwa feni kubwa, na mchanga unapanda ukiwa mwekundu kwa moto, umezikumbatia pumba. Juu kabisa kuna chumba cha mviringo tunachokiita kimbunga. Hapo moshi unazungushwa, mchanga unaachana nao na kuteremka kwa bomba la pembeni, tunaloliita mguu. Mguu unaurudisha chini ya mnara, nao unapanda tena. Ndiyo kazi yake kutwa.

Utauliza kwa nini tunaufuata Iringa wakati Mbeya kuna mchanga. Wa huku umetokana na majivu ya volkano. Ukiingia motoni unapondeka na kushikana. Wenu ni wa miamba migumu, hausemi kitu hata ukiiva.

Ni hilo tu. Wasalimie wenzako.

Faraji Othmani

*

Ipogolo, Iringa
21 Mei 2024

Kaka Faraji,

Kamwene. Barua yako niliwasomea wenzangu tukiwa tumekaa mchangani tunakula viazi. Marta kasema wewe ni mwongo, kwamba mchanga haupandi, mchanga kazi yake ni kushuka, na ndiyo maana tunaukuta mtoni. Nikamwambia asubiri, huenda Mbeya mambo ni mengine.

Lakini tangu siku ile siko sawa. Nimeota mara mbili. Mara ya kwanza niliota Ruaha umesimama wima kama mti, na mchanga unapanda kwenye shina lake taratibu, chembe moja moja, kila moja na jina lake. Mara ya pili niliota nimekaa juu ya lundo langu la mchanga, likaanza kuninyanyua. Sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa naona mapaa ya mji wote na ukungu umelala bondeni, nikawa nawaambia watu wa chini, "Msinisubiri chakula."

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mimi ni mtu wa kuota mchana. Ni kweli. Kuchekecha ni kazi ya mikono, kichwa kinabaki hakina kazi, kinakwenda kinakotaka.

Sasa niambie vizuri. Unajuaje kwamba hewa imetosha? Na mchanga haujichokei?

Damari

*

Iyunga
28 Mei 2024

Dada Damari,

Mwambie Marta ana haki yake, maana mchanga unapenda kushuka, na kazi yangu yote ni kubishana nao kwa adabu.

Fikiria sufuria ya uji jikoni. Moto ukiwa mdogo, uji umetulia tu. Mchanga nao, hewa ikiwa kidogo, umelala, hewa inapenya katikati ya chembe bila kuuamsha. Ukiongeza kidogo, unaanza kutoa mapovu, puf, puf, kama uji unaochemka. Ukiongeza tena, mapovu yanakuwa makubwa kujaza upana wa mnara, yanainua mchanga kama pistoni ya injini na kuuachia, na mnara mzima unatikisika hadi vikombe vya chai vinagongana mezani. Hapo sipapendi. Ukipita hapo, mapovu yanavunjika, kila kitu kinavurugika, na ghafla, dada yangu, unapanda. Ukizidisha mno unapotea wote, unabebwa mwembamba kama vumbi la barabarani na haukai ukashika moto.

Mahali pangu ni kabla ya hapo. Kuna kidirisha cha kioo kinene ubavuni mwa mnara, ukubwa wa kiganja. Nikiweka jicho naona mchanga mwekundu unapanda katikati kwa kasi, na kandokando ya ukuta mwingine unateremka polepole kwa makundi, kisha unanyakuliwa tena na ule wa katikati. Nimekwisha kusahau chai yangu hapo mara nyingi. Mtu aliyeniita nyuma ilibidi anishike bega.

Siri nyingine ni mguu. Mchanga uliojaa mguuni ndio unaousukuma mchanga kuingia mnarani. Mguu ukipungua, hauna uzito wa kusukuma, hewa ya moto inapita njia isiyo yake, na mzunguko unakatika. Ndiyo maana tunaagiza mwingine kila wiki, kujaza unaosagika.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia hata ndugu yangu. Mnara huu ni wazo langu. Nilimshawishi Mzee Girish miaka sita iliyopita, nikamchorea mezani kwa chaki. Umekuwa ukiwaka siku mbili, tatu, unazimika, mara pumba zimelowa, mara feni. Mzee amechoka. Amesema kuanzia tarehe moja Julai mnara uwake siku kumi bila kuzimika. Ukizimika, anaukata kwa gesi na kuuza chuma, na boila ya zamani inarudi, ile inayotoa moshi mweusi mpaka watu wa Iyunga wanaanua nguo. Mimi sina elimu kubwa wala jina. Kitu nilichofanya duniani ni hicho kinachosimama pale uani.

Nimesema sana. Nisamehe.

Faraji

*

Ipogolo
25 Juni 2024

Kaka Faraji,

Nimechelewa kujibu kwa sababu tulikuwa na kazi. Kasian atakuja na mzigo wa siku zako kumi. Mzigo huu ni wa pekee. Usiniulize, utauona mwenyewe ukiushika.

Asubuhi huku mto unatoa mvuke kama unapikwa. Tunachekecha tukiwa tumejifunga mashuka, hatuonani, tunasikia tu chekeche za wenzetu. Nikisikia hivyo nawaza mnara wako. Nawaza mchanga tulioupitisha mikononi unavyokwenda juu, ilhali sisi wenyewe hatujawahi kupanda ghorofa zaidi ya mbili.

Usiwe na hofu. Siku ya kumi ikifika niandikie neno moja tu.

Damari

*

(Barua hii haikutumwa.)

Iyunga
6 Julai 2024

Dada Damari,

Umezimika. Siku ya nne, saa tatu asubuhi.

Mchanga wenu ulipofika niliupitisha vidoleni nikafurahi kama mtoto, ulivyokuwa laini. Sikuupima. Miaka yote napima kila mzigo kwa chekeche zangu, huu sikuupima kwa sababu ulitoka kwako. Hilo ni kosa langu na nimelikubali.

Siku ya pili vumbi jeupe lilianza kutoka kwenye bomba la moshi. Mchanga ulikuwa laini mno, kimbunga kilishindwa kuushika, ukawa unaondoka na moshi. Mguu ukaanza kupungua. Nikajaza mifuko yote niliyokuwa nayo, nao ukaondoka. Nikapunguza hewa usikimbie, ukaanguka wote chini kwa mkupuo, mnara ukaanza kutikisika mpaka misumari ya bati ikachomoka. Nikaongeza hewa, ukakimbia. Nikapunguza, ukaanguka. Saa thelathini na mbili nilikuwa natafuta mahali pa katikati, na mahali hapo hapakuwepo.

Ulipopoa nikachukua kilichobaki nikakipima. Chembe zote zinafanana. Unajua, kila siku mlikuwa mnaleta mchanganyiko bila kujua: chembe nene zinakaa chini zinashika moto, za kati zinapanda na kurudi, na laini kidogo zinawalainishia wenzao njia. Safari hii mliondoa zote isipokuwa laini. Nadhani mlichekecha mara mbili. Nadhani mlifanya hivyo kwa ajili yangu.

Nikikueleza hivi utalia. Na Mzee akijua, atawaondoa nyote kumi na mmoja kesho. Sitaki lolote kati ya hayo.

Faraji

*

Iyunga
6 Julai 2024

Dada Damari,

Salaam. Mnara umezimika siku ya nne. Feni ilituangusha, mambo ya mashine. Mchanga wenu ulikuwa mzuri sana, ahsanteni.

Namwomba Mzee anipe nafasi nyingine. Ila kwa mzigo ujao msijisumbue sana. Leteni kama ule wa mwanzo, na hata yale makapi mnayoyatupa nitayapokea. Tena yakiwa mengi ndiyo vizuri.

Faraji

*

Ipogolo
10 Julai 2024

Fundi Faraji,

Barua yako tumeipata. Niliisoma peke yangu kwanza, na nilifanya vizuri.

Pole kwa feni. Lakini sisi si watu wa kuleta makapi. Tulifanya kazi siku tisa mfululizo kwa mzigo ule, Marta akiwa na mtoto mgonjwa nyumbani. Mtu aliyepokea kitu kile hawezi kuomba makapi wiki inayofuata kama kweli alikipenda. Kama mmepata mchanga mwingine karibu zaidi, sema tu. Kama mlitaka wa bei nafuu, sema. Usinizungushe kama mtu anayekataa chakula kwa kusema ameshiba.

Siku hizi siioti tena ile ndoto.

Damari

*

Iyunga
13 Julai 2024

Dada Damari,

Hakuna mchanga mwingine. Sijui niseme nini ambacho hakitakuudhi zaidi. Basi kwa sasa msilete kitu, mpaka nitakapoandika.

Faraji

*

Iyunga, Mbeya
22 Julai 2024

Kwa Kiongozi,
Kikundi cha Wachekecha Mchanga, Ipogolo.

YAH: KUSITISHA MZIGO WA MCHANGA

Mama,

Fundi wangu Faraji Othmani amekiri mbele yangu, na kwa maandishi, kwamba aliwaagiza mchanga laini kupita kiasi, na kwamba huo ndio uliozima mnara siku ya nne. Miaka ishirini nipo naye, sijui siku ile alikuwa anawaza nini.

Mnara utakatwa tarehe 31 Agosti. Hatutahitaji mchanga tena. Nyinyi hamna kosa, mlileta mlichoagizwa. Mzigo wa mwisho niliushika mwenyewe, ulikuwa laini kama poda ya mtoto. Ahsanteni kwa kazi safi.

Girish
Mwenye kiwanda

*

Ipogolo
25 Julai 2024

Mzee Girish,

Shikamoo. Mimi ni Damari, kiongozi wa akina mama wa mchanga. Naandika haraka, Kasian ananisubiri kwenye lori tupu.

Fundi Faraji amekudanganya. Hakuniagiza mchanga laini. Hakuniagiza kitu chochote kipya. Karatasi zako za oda zipo stoo, mwambie karani akuonyeshe. Zote zinasema vilevile toka Machi.

Ni mimi. Nilisikia kwamba mnara wake unahukumiwa kwa siku kumi. Kwetu, mama yangu alinifundisha kwamba unga wa kumpikia mtu aliye kwenye jambo zito, mfiwa au mgeni mkubwa, hauwi ule wa kila siku. Unachekechwa mara ya pili, kwa chekeche la uji wa mtoto, na humwambii. Akila atajua. Basi niliwaambia wenzangu kila mmoja alete chekeche lake la jikoni. Tulichekecha mzigo mzima upya kwa chekeche za uji, lori zima. Yaliyobaki juu tuliyaacha pembeni, tukampelekea yaliyopita chini. Nilidhani mchanga ni kama unga, kwamba ukizidi ulaini unazidi heshima. Hakuna aliyeniambia vingine na mimi sikuuliza, kwa sababu kitu cha namna hiyo hakiulizwi.

Akaniomba makapi, mimi nikamtukana. Ni barua yako iliyonifungua macho, uliposema ulaini ndio uliozima mnara. Nilisoma pale ulipotushukuru kwa kazi safi, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Yale tuliyoyaacha juu ya chekeche yapo, lundo zima, hatujayatupa. Nitayachanganya na mchanga wa kawaida nikuletee. Ukitaka kutuondoa tuondoe. Wenzangu wamesikia barua hii na wamekubali iende, wote kumi. Lakini usikate mnara wa mtu kwa kosa la jikoni kwangu.

Damari

*

Iyunga
29 Julai 2024

Mama Damari,

Marahaba.

Nimeangalia karatasi za oda. Ni kama ulivyosema. Nimemwita Faraji, nikamsomea barua yako, akasema, "Huyu mama kaharibu." Nikamwambia mama ametengeneza, wewe ndiye uliyeharibu.

Uamuzi wangu ni huu. Mnara utawashwa tena tarehe 6 Agosti. Siku kumi zilezile, sipunguzi hata saa moja. Mchanga uje na mwenye mchanga. Utakaa hapa Iyunga mpaka ziishe, mke wangu Prachi amekuandalia chumba, na ukizimika nikuone uso kwa uso. Zamu ataisimamia Anyelwisye, fundi msaidizi.

Faraji hatakuwepo. Mtu anayenidanganya kwa wema leo atanidanganya kwa wema tena kesho, na moto hausikilizi wema. Kitabu cha boila kikiandikwa uongo, siku moja watu wataungua. Nimemtuma kwenu mtoni. Achekeche siku zote hizo na akina mama wako, ajifunze mzigo unatoka wapi. Mnara ukisimama, nitafikiri juu yake. Ukianguka, abaki hukohuko.

Girish

*

Ipogolo
9 Agosti 2024

Dada Damari,

Tumepishana. Kasian anasema ilikuwa Makambako, basi langu limesimama watu wanakula, na lori lenu likapita. Anasema uliketi mbele umefunga kitambaa cha kijani. Mimi nilikuwa nanunua mahindi ya kuchoma nimegeuka upande mwingine.

Nilikukasirikia. Naandika hivyo kwa sababu sasa sina pa kuficha. Nilikuwa nimeshaubeba mzigo ule, nimeuzoea begani, wewe ukaja ukaushusha barabarani watu wote wanaona. Siku ya kwanza mtoni nilikaa mbali na wenzako. Marta akaniwekea chekeche mkononi akasema, "Kumbe wewe ndiye yule anayesema mchanga unapanda. Haya, pandisha." Wakacheka wote. Nikacheka na mimi, nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu Juni.

Mikono yangu imechubuka. Nimekaa mahali pako, wamenionyesha, kwenye jiwe bapa karibu na maji. Asubuhi kuna huo mvuke uliousema. Nachekecha, na kichwa kinakwenda kinakotaka, kama ulivyosema, na kila mara kinakwenda Iyunga. Leo ni siku ya nne kule. Nimeangalia upande wa kusini-magharibi asubuhi nzima kana kwamba moshi wa kiwanda unaweza kuonekana kutoka Iringa.

Jana nimeelewa kitu. Mlipochekecha kwa chekeche za uji, nimewauliza hapa, mlipitisha lori zima kwa kopo moja moja. Nimejaribu debe moja tu kwa chekeche la Marta. Limenichukua tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Dada Damari, hakuna mtu amewahi kunifanyia jambo kama hilo. Mimi nililipokea nikaliita feni.

Ilinipasa nikwambie siku ileile. Niliogopa utalia, nikakufanya ulie kwa jambo baya zaidi.

Niambie unaona nini. Usinifiche hata kama ni baya.

Faraji

*

Iyunga, Mbeya
16 Agosti 2024

Kaka Faraji,

Kamwene. Barua hii inakuja kwa basi la usiku, maana Kasian yuko huku. Nitakuambia kwa mpangilio, usiruke kwenda mwisho.

Mama Prachi amenipa chumba chenye dirisha la kuangalia uani. Kila nikiamka naona mnara wako. Siku ya kwanza nilidhani ni mdogo kuliko nilivyoota, kisha nikausogelea, nikaweka kiganja ukutani kwenye lile blanketi lake la bati, nikausikia unanguruma ndani taratibu kama paka mkubwa. Anyelwisye akanipa miwani ya giza, akaniinamisha kwenye kidirisha.

Kaka, niliuona mchanga wetu.

Mwekundu kama embe lililoiva, unapanda. Katikati unakwenda mbio, pembeni unateremka kwa makundi, kama akina mama wanaotoka sokoni wakisimama kusalimiana, halafu wanachukuliwa tena. Nilitafuta chembe moja niifuate kwa macho, nikashindwa, nikatafuta nyingine. Waliponiita kunywa chai sikusikia. Anyelwisye alinishika bega.

Siku tano za kwanza hazikuwa na neno. Kila mzigo wa kujazia tuliupima kwa chekeche zako, mimi nashika, Anyelwisye anaandika kitabuni, na Mzee Girish anatia sahihi. Nene, za kati, laini, zote zipo. Lile lundo tulilokuwa tumeliacha mtoni limechanganywa na ule mchanga wa kawaida tuliokuja nao, mfuko kwa mfuko, nimeuchanganya mwenyewe kwa sepetu.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, vikombe vilianza kugongana mezani.

Nilijua kabla hawajaniambia. Wewe ndiye uliyeniandikia juu ya vikombe. Pumba za alfajiri zilikuwa zimelowa umande, moto ulishuka, mnara ukaanza kukohoa. Anyelwisye akataka kupunguza hewa. Mzee Girish alikuwa amesimama mlangoni, ananiangalia mimi. Nikamuuliza Anyelwisye, "Mguu una mchanga kiasi gani?" Akaangalia geji, akasema umepungua. Nikasema, tafadhali, acha hewa kama ilivyo, jaza mguu kwanza, na hizo pumba badilisha, tumia kavu za ghala la nyuma. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilikuwa nasoma barua yako kichwani. Tulibeba mifuko kumi na minne, Mzee Girish mwenyewe alibeba miwili, shati lake jeupe likawa la kufanyia usafi. Tulijaza. Vikombe viligonga, viligonga, vikapunguza, vikanyamaza. Nilikwenda nyuma ya stoo nikalia, na sikuona haya.

Leo siku kumi zimetimia. Saa sita mchana Mzee Girish alitoa saa yake mfukoni, akaiangalia, akairudisha. Mnara unawaka. Amesema, "Haukatwi." Ni neno hilo tu, halafu akaenda kula. Anyelwisye amepiga kelele mpaka walinzi wamekuja mbio.

Umesema ulinikasirikia. Mimi pia bado nina hasira kidogo na wewe, kwa sababu ulinilinda bila kuniuliza, kama mtu asiyeweza kusimama na kosa lake. Mimi nilikufanyia vilevile, nikakupa heshima bila kukuuliza kama unaihitaji. Sasa tuulizane. Naanza mimi.

Mzee amesema urudi kwenye zamu yako Jumatatu, na kitabu uandike ukweli hata ukiwa mchungu. Lori letu lilikuwa liondoke hapa Jumatatu hiyohiyo alfajiri. Ningekupita tena barabarani, wewe umegeukia mahindi. Nimemwambia Kasian sitaki. Akaniuliza, "Tusubiri mpaka saa ngapi?" Nikamwambia tusubiri mpaka ushuke kwenye basi, hata ikiwa Jumanne.

Je, unataka nikusubiri?

Damari

*

Ipogolo
17 Agosti 2024

Ndiyo.

Faraji